Kinanda cha Depo ya Pamba

Kama umezoea visa vya mizimu vinavyoanza na "rafiki ya shemeji yangu aliona", hiki kiweke pembeni. Hiki kilinipata mimi mwenyewe, hapa mjini Baraka, mchana, jua likiwa kichwani, na sikuwa nimeonja pombe. Ukitaka kucheka, cheka. Hata Etabo alicheka mwanzoni.

Ilikuwa miaka ile nchi ilipoitwa Zaire, na kila mji ulikuwa na kikundi chake cha animasyon, yaani watu wa kuimba na kucheza kumsifu Mkubwa wa nchi kila mgeni wa serikali anapofika. Upende usipende, uliimba. Mimi nilikuwa mwanzishaji. Natoa sauti kwanza, uwanja mzima unaitikia. Sijisifu bure, niamini: nikianzisha, wanawake waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, kule ufukweni waliacha kazi wakasikiliza. Sikuwa na shamba la maana wala ng'ombe. Nilikuwa na sauti, basi. Ndiyo iliyonilisha na kunipa heshima, na mama yangu sokoni aliitwa mama wa mwimbaji.

Sasa, padre mmoja mzungu wa kule milimani Fizi, alipokuwa akirudi kwao, alituachia mashine yake. Aliiita sintetiza. Ilikuwa na vibao kama kinanda cha kanisa, lakini juu yake mabutoni ya kuzungusha yamejaa, na waya za kuchomeka hapa na pale kama matumbo ya redio. Etabo, kijana wa chama aliyetuongoza, akafurahi kupita kiasi. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Bukavu, na Etabo alitaka kumshangaza. Kwa kuwa depo ya pamba ilikuwa na jenereta, alinipeleka humo nijifunze kuipiga.

"We utabakia humu mupaka jua ishuke," akaniambia. "Mi nafunga kadena. Muntu akisikia hii kitu mbele ya siku ya mugeni, wote wawili tunalala ku kasho."

Nani aliyetaka kulala kasho, ile selo ya nyuma ya ofisi? Nikaingia. Nikasikia kufuli likilia nje.

Siku za kwanza nilikuwa mfungwa mwenye furaha, sikufichi. Kinanda cha kanisa kina sauti yake, ukigusa tu inatoka. Hiki hakikuwa na sauti yoyote mpaka uitengeneze. Unazungusha butoni moja, mlio unapanda kutoka chini kabisa, tumbo linatetemeka. Unazungusha nyingine, mlio unafumbua mdomo: uuu, ooo, aaa. Ndiyo, mdomo! Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nilitengeneza mlio wa nzi, nikatengeneza mota ya mtumbwi wa kutoka Kazimia ikija kwa mbali, nikatengeneza milio ambayo hakuna kiumbe aliyewahi kuitoa. Na mashine ile haikukumbuka kitu. Ukigusa butoni, sauti uliyoipata imekwenda, na bati la depo likipata joto, nota zenyewe zinahama mahali. Ilibidi uitafute upya kwa vidole na masikio. Nilipenda hivyo. Nilikuwa sijawahi kupenda kitu kama kile.

Shida ilikuwa kiti. Katika animasyon tulikuwa na desturi: kiti cha mgeni, kimefunikwa kitambaa, kinawekwa mbele hata siku ya mazoezi. Kabla ya kuanza, mwanzishaji anakikaribisha kama vile mtu yupo. Na mgeni akishakaa, hakuna ruhusa ya kunyamaza mpaka yeye asimame na kuwaachilia. Anayenyamaza kwanza ndiye msaliti. Etabo alikileta kiti hicho mpaka depo. Siku zote sikukijali, lakini mchana ule, kwa mazoea tu, nikainama nikasema, "Karibu, citoyen, ikaa," maana wakati ule kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi.

Nikaanza kupiga. Nilipoinua macho, mtu alikuwa amekaa.

Alivaa koti la abakosti, jeusi, lililofungwa mpaka kidevuni, kama wakubwa wote wa wakati ule. Mlango ulikuwa umefungwa, kufuli liko nje. Sakafu ilijaa manyoya ya pamba. Nyayo zangu zilionekana wazi, zake hazikuwepo. Ungefanya nini wewe? Mimi nilitaka kukimbia, lakini kwenda wapi? Nikajaribu kuinua vidole, vikagoma. Nikaendelea kupiga, jasho likiniingia machoni.

Mtu yule akafumbua mdomo kama anayesema. Hakikutoka kitu, hata pumzi. Akatikisa kichwa kwa uchungu. Kisha akainua mkono, akazungusha vidole hewani taratibu, kushoto. Nikaelewa. Nikazungusha butoni kushoto. Akaashiria kulia kidogo, nikazungusha kulia kidogo. Mlio ukapungua ukali. Akainamisha shingo kusikiliza, kama fundi anayesikiliza mota.

Nikajiambia, jenereta itaishiwa mafuta na mashine itazima. Niliomba hivyo kwa miungu yote ninayoijua. Na kweli, jenereta ikakohoa ikazima. Nikasikia kuku nje, nikasikia mtu akipasua kuni. Taa ya mashine ikafa. Ule mlio haukukatika.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Alikuwa akinyoosha kidole, nami nazungusha, na kila nikizungusha mlio ulizidi kuwa wa mtu. Ulipata koo. Ulipata pumzi. Nilijua tu kwamba akiridhika atasimama, na akisimama nitakuwa huru, kwa hiyo mimi mwenyewe nikaanza kumtafutia, upesi upesi, kama mtu anayechimba ili atoke. Butoni ya mwisho niliizungusha bila kuagizwa. Sauti ikafunguka, safi, tamu, ikaita kama mwanzishaji anavyoita uwanjani.

Ilikuwa sauti yangu.

Yule mtu akafumbua mdomo, na sauti haikutoka tena kwenye spika, ilitoka kwake. Akasimama, akanyoosha abakosti.

"Basi, citoyen," akasema kwa sauti yangu. "Inatosha."

Vidole vikaachia. Nilipofuta jasho machoni, kiti kilikuwa kitupu. Nikapiga kelele kumwita Etabo, ukatoka mkwaruzo tu, kama mlango wa bati kwenye saruji. Nikaupiga mlango kwa ngumi mpaka akaja kufungua. Alikuwa anacheka, halafu akaacha.

"Mbona uko humu?" akaniuliza. "Sasa hivi nimekusikia unaimba kule chini ku ziwa. Nikasema huyu ametokea wapi?"

Nikakimbia nyumbani. Mama yangu alikuwa ameshapofuka zamani, macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Nikamwambia nimerudi.

"We ni nani?" akauliza.

"Ni mie, mama."

"Hapana. Mutoto wangu hasemaka hivyo. Toka ku nyumba ya watu."

Siku ya mgeni nilishindwa kuanzisha, wakasema nimekataa kumwimbia Mkubwa, nikalala kasho ile ile. Hilo lilipita. La mama halikupita. Nilimpikia, nilimwosha, nilimshika mkono aende msalani, naye alinishukuru kama jirani mwema. Mchana, jua likiwa kali, aliinua kichwa kuelekea ziwani, anatabasamu, anaitika: "Eee, mutoto wangu, kuja kula!" Mimi nimekaa pale pale na sahani mkononi, na sauti ile naisikia vilevile kama yeye. Alikufa akiniuliza mimi kama mimi nimeshafika.

Sasa sikiliza. Wanaonijua, kuanzia Baraka mpaka Kazimia, wanafahamu kwamba mimi simwiti mtu. Nikikuhitaji nitakuja mpaka ulipo, nikuguse bega. Kwa hiyo siku ukisikia ninakuita kwa jina lako, vizuri, kwa sauti ya kukufanya uache kazi, usiitike.