Salfa Sebuleni kwa Nesi Sabina

Nesi Sabina hamung'unyi maneno. Siku ya kliniki hapa Nanyamba, kina mama wakishajaa kwenye mabenchi, huwaambia wazi: salfa, ule unga wa dawa ya kupulizia mikorosho, isikae ndani anakolala mtoto. Aliyetoka kupuliza shambani avue nguo nje, aoge, ndipo ambebe mwanawe. Na mtoto anayekohoa huku mbavu zikibonyea aletwe zahanati siku hiyohiyo, si baada ya kumpaka mafuta na kungoja.

Kina mama huitikia, kisha hurudi nyumbani kulala na salfa yao. Nani aiache nje? Wezi hawana haya, na mwenye mikorosho asiye na salfa hana mwaka.

Sasa sikia makubwa. Sebule ya nyumba anayopanga Sabina imejaa salfa mpaka dirishani. Alipohamia akitokea Sumbawanga, wakati wa masika, Mzee Saidi mwenye nyumba alimwambia kwamba msimu ukifika ataweka mzigo wake sebuleni. Sabina akakubali upesi, maana kwao mzigo wa mwenye nyumba ni mahindi. Mei ilipoingia, mifuko ikashushwa. Unga wa njano ukapenya mpaka ndani ya neti ya binti yake Faraja, mwenye miaka minne, naye akaanza kukohoa.

"Mzee, mtoto anaumwa kifua," Sabina alimwendea kumwambia.

"Pole, mwanangu. Mie wangu wote wamekulia humohumo, na mmoja sasa ni askari."

"Basi tuihamishie bandani."

"Ikiibwa, mikorosho yangu utaipulizia nini?"

Akatafuta nyumba nyingine. Kila mlango uliofunguliwa ulimsalimu kwa harufu ileile. Mumewe Mathayo yuko bandarini Mtwara, analala chumba kimoja na wanaume wenzake. Uhamisho aliomba, akaambiwa asubiri. Mbele hapaendeki, nyuma haparudiki. Mimi jirani yake namwonea huruma, ingawa zipo siku namkasirikia: unawakaripiaje wenzako kwa jambo linalolala kwako? Lakini asubuhi moja nilimwona akimfuta Faraja unga kwenye kope kabla ya kwenda kufundisha kliniki, na hasira zikaniisha. Aibu ilikuwa imemkaba yule dada.

Aliyemtii ni mmoja tu, Mwanahawa. Alihamishia salfa yote kwenye jiko la nje, na mumewe Sudi akawa analala hukohuko kuilinda. Tulimcheka Sudi mpaka tukachoka. Mke kamfukuza kitandani kwa amri ya nesi!

Siku moja kifua kilimbana Faraja kwelikweli. Alitibiwa zahanati, akatulia, na jioni mama yake hakuwa na pa kumrudisha ila palepale. Alikuwa ameketi naye kizingitini, hataki kuingia, Mwanahawa alipopita kumjulia hali. Mlango ulikuwa wazi. Mwanahawa akaiona mifuko.

"Nesi," alisema, "mume wangu analala jikoni kwa maneno yako."

Sabina akalia.

Mwanahawa akakunja uso. Kisha akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Kwangu hakuna vumbi."

Tangu hapo Faraja analala kwa Mwanahawa. Kikohozi kimekwisha, mashavu yamerudi, anakimbizana na watoto wa pale tangu asubuhi. Sabina bado anafundisha kliniki, na mama mmoja alipomuuliza kwa kejeli mwanawe analala wapi, alijibu, "Kwa Mwanahawa. Kwangu hapafai." Hakuna aliyecheka.

Kila akitoka kazini hupitia huko kumtazama. Juzi nilikuwa naye. Faraja alikuwa akicheza uani, akatuona tukiingia, akaacha mchezo na kukimbia kujificha nyuma ya Mwanahawa, ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Mama amekuja kukusalimu tu," Mwanahawa alimbembeleza. "Hakurudishi."

Ndipo akatoka kumkumbatia mama yake.