Mbingu Isiyo na Kinyozi

Mtaani kwao watu walikuwa na msemo: ukitaka kucheka, pitia mlango wa mbele, ukitaka kuombewa, zunguka nyuma. Nyumba yenyewe ilikuwa moja. Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, kilikuwa cha kinyozi, na humo mlikuwa na kiti cha kuzunguka na kioo kilicholiwa na kutu pembeni. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mkewe, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyewashonea wanakwaya wa kanisa lao majoho tangu yalipokuwa ya bluu mpaka yakageuka ya zambarau. Katikati kulikuwa na pazia tu, na kupitia pazia hilo wawili hao walibishana mchana kutwa.

"Baba, Jumapili hii utakuja kanisani?" mke angeuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Nitakuja siku nikifa. Mtanibeba, sitakuwa na la kubisha."

Mteja kitini angeangua kicheko, na kinyozi angemshika kichwa kwa nguvu ili asije akakatwa sikio kwa ajili ya mzaha.

Tena mizaha yake yote ilihusu mambo ya mbinguni. "Huko kwenu," alikuwa akisema, "nasikia hata unywele mmoja hauanguki bila ruhusa. Sasa mimi nitakula wapi?" Mke alikuwa akimkemea huku ameuma kitambaa asicheke. Dada mkubwa wa mke, mama mshika dini wa kupigiwa mfano, hakuwa akicheka. Alikuwa akimwambia mdogo wake kwamba lila na fila havitangamani, na kwamba mke anayelala na asiyeamini anajitafutia makiwa ya milele. Fundi alimjibu kwamba bandu bandu huisha gogo. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda na kumwombea mume wake, na mume akiwa bado amejifunika alisema, "Nisalimie."

Lakini kinyozi hakuwa mpinzani kwa ajili ya ubishi tu. Mtu akifa mtaani, ndugu waliogopa kumgusa, basi yeye ndiye aliyeitwa kumnyoa ndevu kabla hajavalishwa. Alikwenda na kiwembe chake na sabuni yake, na hakuwahi kukataa. Siku moja aliporudi kutoka kazi ya namna hiyo alikaa kitako kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akamwambia mkewe bila mzaha, "Nimewatazama kwa karibu kuliko mchungaji wenu. Mtu akishakwenda, amekwenda. Ngozi inakuwa kama hii ya kiti. Nisingependa kukuambia, lakini wewe ndiye unayeniuliza kila siku."

 Mkewe alimletea chai, na ile ikabaki kuwa mara pekee waliyozungumza jambo hilo kwa dhati.

Kisha kikatokea kilichotokea. Ilikuwa asubuhi, kinyozi akimnyoa mwenye bucha la kona, jitu lenye shingo nene. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha safi na nusu bado. Fundi, akiwa nyuma ya pazia, alisikia mashine ikianguka sakafuni na kuendelea kunguruma peke yake. Alingoja asikie tusi la utani. Badala yake akasikia mwenye bucha akiita, "Mama! Mama, njoo!"

Mwenye bucha ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari. Alishinda hospitali siku nzima shuka la kunyolea likiwa bado limefungwa shingoni na kichwa kikiwa kimegawanyika nusu kwa nusu, na hakuna aliyemcheka. Fundi alifikiria baadaye kwamba kama mume wake angeweza kusema neno moja tu siku ile, lingekuwa juu ya kichwa kile.

Hakuweza kusema. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na mdomo umekwenda kando. Mkono wa kushoto ulikuwa hai, na macho yalikuwa yake yale yale. Mkewe alimnywesha maji kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Dada mkubwa alikuja na Biblia yake kwenye mkoba, akamvuta mdogo wake hadi dirishani.

"Mdogo wangu, wakati ndio huu. Muulize. Madaktari wenyewe unawaona nyuso zao."

"Dada, amechoka."

"Atapumzika wapi, ndilo swali."

Basi akaenda akamwinamia mumewe. Kwa miaka yote ile alikuwa amejiandalia maneno ya siku hiyo, lakini yalipohitajika hayakuwepo. Alisema tu, "Baba, mkubali Bwana. Fanya hivyo kwa ajili yangu. Nisije nikakukosa."

Kinyozi alimtazama kwa muda mrefu. Aliinua mkono wa kushoto polepole na kumwekea vidole viwili juu ya midomo, kama alivyozoea kufanya nyumbani mke akizidisha maneno. Kisha akakihamisha kiganja shavuni kwa mkewe na kukiacha hapo.

"Basi nibane mkono," mke alinong'ona huku akikishika kile kiganja. "Hata kidogo. Nitajua."

Kiganja kilibaki wazi. Kilikuwa na joto, wala hakikubana.

Alifariki kesho yake mchana, mkewe akiwa ametoka kwenda kujaza chupa ya chai.

Hapo hapo ukumbini dada mkubwa alimshika mabega. "Mwambie mchungaji alikubana mkono. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Utamnyima heshima ya kuzikwa na kanisa? Unataka mumeo azikwe kama mbwa?"

"Dada, nikidanganya kuhusu jambo hili, hata mimi mwenyewe sitaweza kujifariji kwa uongo wangu. Niache."

Alimwambia mchungaji ukweli. Mchungaji, mtu mpole ambaye bado hakuwa na mvi, alikuja makaburini na kuomba maombi mafupi. Wazee wa kanisa walikataza kengele isipigwe na kwaya isiimbe, kwa kuwa marehemu hakuwa wa kundi. Wanakwaya walikuja hivyo hivyo, bila majoho, wakasimama nyuma wamefunga midomo na kulia kama watu wengine. Udongo ulitupwa kwenye ukimya, na kila koleo ilisikika.

Kabla ya hapo, nyumbani, lilikuwa limezuka swali la nani amnyoe kinyozi. Watu walitazamana. Mjane alichukua kiwembe na sabuni, akawaomba watoke. Alimnyoa taratibu, maana hakuwa na ujuzi, akiivuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba kama alivyomwona yeye akifanya. Ndipo alipoona. Ilikuwa kama alivyosema, kama ngozi ya kiti. Alimtafuta mumewe katika uso ule, kwenye pembe za macho na chini ya pua, hakumpata. Alitarajia kwamba imani yake yote ingesimama wakati huo na kumwambia kitu. Alimaliza kazi, akampaka poda, akafungua mlango.

Wafariji walikuja wengi, kila mmoja na lake. Kuna mama wa kikundi cha maombi aliyemjia macho yakimeremeta, akasema ameota ndoto. Amemwona kinyozi amevaa nguo nyeupe, yuko katikati ya malaika, anaimba.

"Anaimba?" mjane aliuliza.

"Anaimba, mama, tena sauti tamu ajabu!"

"Basi hakuwa yeye." Mume wake alikuwa akiimba kama mbuzi aliyekanyagwa. Mjane alicheka, kicheko kikamgeukia kilio, ikabidi ashikwe.

Binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la dawa mji mwingine, alikaa naye kwa majuma kadhaa. Alikuwa na damu ya baba yake. Alipoona mama hali chakula na kwamba akilala anaweweseka kuhusu moto, alimkalia karibu na kusema kwa upole, "Mama, baba haungui. Hayuko motoni. Hayuko popote. Amekwisha tu, kama taa. Hasikii maumivu."

Alikusudia mema. Mama yake alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mkono anaoupenda.

"Mama yako mkubwa anasema anaungua. Wewe unasema hayupo. Mwanangu, katika hayo mawili nichague lipi?"

 Binti akalia, na mama ndiye aliyembembeleza.

Binti aliporudi kazini, mjane alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta ofisini akipanga viti vya plastiki vya mkutano. Hakutaka kuketi.

"Mchungaji, yuko wapi?"

"Mama, tumwachie Mungu. Yeye ni wa haki na wa rehema."

"Nimekusikia ukisema mahubirini njia ni moja. Nimeitikia amina mimi mwenyewe. Ulikuwa unasema kweli au ulikuwa unatutisha?"

Mchungaji aliweka chini kiti alichokishika. "Nilikuwa nasema ninavyoamini."

"Basi yuko wapi?"

 "Sijui, mama," mchungaji alisema. "Ningependa kujua. Mume wako alimnyoa baba yangu alipofariki. Sijui."

"Haya. Na mimi nikifika huko, nikamkosa?"

"Neno linatuahidi kwamba machozi yatafutwa."

"Yatafutwaje? Nitakuwa nimemsahau?"

"Labda Mungu atatupa furaha kubwa kiasi kwamba..."

"Kiasi kwamba sitajali? Mchungaji, mwanamke anayekaa kwenye furaha na hajali mume wake yuko wapi, huyo si mimi. Huyo ni mtu mwingine mtakayemwingiza kwa jina langu."

Mchungaji alimwombea. Mjane aliinamisha kichwa kwa adabu, akashukuru na kwenda zake. Njiani aliona kwamba jambo limemtoka, nalo lilikuwa kubwa kuliko mume. Tangu utotoni mbingu ilikuwa kwake kama nyumba ya pili ambayo ufunguo wake upo mfukoni. Shida zote za maisha, mimba zilizoharibika, mama yake aliyekufa kwa mateso, alizibeba kwa sababu ya nyumba ile. Sasa aliitazama na kuona kwamba haitaki tena. Hakuacha kuamini kwamba ipo. Hilo ndilo lililokuwa chungu zaidi, kwa sababu asiyeamini hana cha kukataa, ila yeye alikuwa na mbingu kamili iliyokaa pale mbele yake, taa zinawaka, na mlangoni miguu haiendi.

Aliendelea kwenda kanisani. Watu walidhani amepiga moyo konde. Ukweli ni kwamba hakujua mahali pengine pa kukaa Jumapili asubuhi. Kwenye nyimbo za kukutana ng'ambo alikuwa akikohoa. Alfajiri alipiga magoti, kwa mazoea ya goti lenyewe, na akishapiga hakuna kilichokuja. Majoho mapya ya kwaya aliyashona mikono isiyolingana. Wakayapokea, wakayarekebisha kwa fundi mwingine kwa siri, naye akajua, wala hakuumia. Chumba cha mbele alimpangisha kinyozi mwingine, kijana wa watu, mtaratibu, mwenye redio iliyoimba nyimbo za injili kuanzia asubuhi. Sauti zilipita pazia kirahisi, na alipoomba redio ipunguzwe, kijana alishangaa, maana aliambiwa mama ni mlokole.

Mwaka uliofuata, dereva mmoja wa lori alifia baa, chupa mkononi, akamwacha mke mdogo na mtoto wa kunyonya. Dada mkubwa alikuja kumchukua mdogo wake. "Twende ukamfariji. Wewe umepita njia hiyo, atakusikiliza."

Walimkuta yule mwanamke amekaa sakafuni, kanga imemtoka kichwani. Wanawake walimpisha mjane wa kinyozi, wakanyamaza wasikie. Yule mjane mdogo aliinua uso, na swali likawa lile lile, kama alivyotarajia na kuliogopa njia nzima.

"Mama, wanasema amekwenda pabaya. Ati ni kweli? Yuko wapi?"

Mjane wa kinyozi alimshika mikono. Angeweza kusema maneno aliyowaambia wengine wengi huko nyuma, maneno mazuri, alikuwa bado anayakumbuka. "Sijui, mwanangu," alisema. "Hata wangu sijui alipo."

Alifikiri labda ukweli huo ungewakalisha pamoja, wawe wawili. Lakini yule mwanamke aliichomoa mikono yake. Uso ulimbadilika.

"Hujui?" alipiga kelele. "Wewe umesali miaka yote hiyo na hujui? Sasa umekuja kufanya nini hapa? Toka! Mtoeni!"

Mtoto alianza kulia. Dada mkubwa alipiga magoti mahali pale haraka na kuanza kuzungumza juu ya rehema isiyo na mwisho, na yule mjane mdogo akamwangukia begani, akashikilia kama mtu anayezama. Mjane wa kinyozi aliwapita wanawake mlangoni, wakampisha tena.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alimpita mwenye bucha, aliyemwamkia na kumuuliza hali, akamjibu kwamba hajambo. Chumbani alikaa kwenye cherehani bila kuiendesha. Nyuma ya pazia mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma, mteja akisimulia jambo na kinyozi kijana akiitikia ndiyo, ndiyo, bila kuongeza neno.

Binti alipiga simu jioni, kama kawaida yake.

"Mama, shikamoo. Umeshindaje?"

"Marahaba. Nimeshinda salama."

"Umekula?"

"Nimekula," alisema. Hakuwa amekula.