Mkebe Usiotaka Maji

Paa la nyumba ya mama lilikuwa limeoza upande wa ziwani, na mvua zetu hutokea huko. Baba alipofariki, mama, kwa kuwa alikuwa Msabato, alikataa kurithiwa na shemeji yake, na kwetu mjane asiyerithiwa haezekewi nyumba. Nyasi zikaendelea kuoza juu ya kichwa chake miaka yote iliyomsalia, kisha naye akafa. Nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, nikaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Rangwe ili wadogo zangu wale.

Nyasi mpya ningezipata. Fundi wa kuezeka ningempata. Kilichokosekana ni neno la baba mdogo, shemeji yuleyule, aliyekaa ng'ambo ya uwanja wetu katika nyumba ya mabati. Kabla mtu hajagusa paa la mama ilibidi wazee wakae, mbuzi achinjwe, mambo yanyooshwe, la sivyo ukoo ungepatwa na chira, laana ya mwiko uliovunjwa, na watoto wangekonda hadi wafe. Nikimuuliza wazee watakaa lini, aliniambia mmoja wao yuko Migori kwa bintiye na hapatikani.

"Nyar owadwa," aliniambia, yaani binti wa ndugu yangu, "usinisukume. Mambo haya yana mwendo wake."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichosha zaidi.

Ilikuwa wakati wa mvua ndefu, katikati ya miaka ya tisini, pikapu ya shule moja ilipoteleza kwenye kona juu ya soko na kulala ubavu mtaroni. Ilikuwa inapeleka vifaa vya maabara Homa Bay. Nilipomaliza kufunika omena zangu, watu walikuwa wamekwisha kufika na madebe, maana harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imejaa barabara nzima, na madukani mafuta yalikuwa yameadimika.

Mwalimu wa kemia aliyekuwa ndani ya pikapu alisimama matopeni na kiatu kimoja, akijaribu kuwazuia.

"Msichukue mikebe. Ndani mna sodiamu. Ikiguswa na maji inalipuka."

"Mwalimu, tangu lini mafuta ya taa yakawa baruti?" mama mmoja muuza nyanya alimuuliza.

"Si mafuta, mama. Ni kile kilichomo ndani ya mafuta."

"Basi baki na hicho. Sisi tupe mafuta."

Watu walicheka. Sikuwalaumu kwa hilo. Metali ile huwekwa ndani ya mafuta ya taa ili isikutane na unyevu, lakini nani kati yetu alijua? Sisi tuliona mafuta mazuri ambayo mtu fulani ametia mawe.

Kisha mkebe mmoja ukapasuka na kipande kikaangukia maji ya mtaro. Hakikuzama. Kilikimbia juu ya maji kikichemka, kikawaka moto wa manjano, kikalia kama risasi. Watu walirudi nyuma wakakanyagana. Hapo ndipo polisi wawili wakafika kutoka kituoni, na mkubwa wao, kabla hajauliza lolote, akaagiza maji.

"Afande, usimwage maji," mwalimu alimwambia. "Tafuta mchanga mkavu."

"Moto unazimwa kwa maji, mwalimu."

"Huu hauzimwi kwa maji. Mchanga mkavu, nakuomba."

"Mvua imenyesha wiki nzima. Mchanga mkavu utoke wapi, Turkana?"

Watu wakacheka tena. Beseni la kwanza likamwagwa kwenye vipande vilivyotapakaa kando ya pikapu. Moto ukaruka hadi ukingoni na kumchoma mwanamume mmoja mkono mzima, akapakiwa kwenye lori la mahindi apelekwe hospitali. Hilo la kwanza naweza kulielewa. Lakini afande aliagiza beseni la pili, na likaletwa, na likamwagwa. Mpaka leo sijaelewa kwa nini. Moto uliisha kwa sababu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alituma mfuko wa saruji, na mwalimu akaimwaga mwenyewe kwa mikono iliyofungwa matambara.

Muuza nyanya ndiye aliyenigutusha. "Na yule ndugu yako naye amepata mkebe. Nimekutana naye akiupeleka nyumbani."

Nilimwendea afande. "Mmoja wa mikebe hii umefika kwetu. Tuufanye nini?"

"Nani aliuiba?"

"Nimeuliza tuufanye nini."

"Na mimi nimeuliza nani."

Nikamwacha hapo, nikamwendea mwalimu. Yeye hakuuliza nani. Alisema kama vipande bado vimezama kwenye mafuta, tufunike mkebe na kuuweka pakavu, angekuja kuuchukua akimaliza na polisi. Kama mafuta yamemwagwa, yarudishwe upesi. Tone la maji lisiingie.

"Mahali pakavu wapi?" nikamuuliza.

"Popote. Ndani ya nyumba tu."

Nilitazama upande wa ziwa. Mawingu yalikuwa yamekwisha kusimama.

Ndugu yangu anayenifuata, ambaye wakati huo alikuwa mrefu kunishinda, alikuwa ameketi mlangoni kwa furaha. Mkebe ulikuwa juu ya rafu bila kifuniko. Ndani mlikuwa na vipande vya kijivu vilivyoanza kuota weupe, na mafuta hamna.

"Vinakatika kwa kisu kama sabuni, sista," aliniambia. "Kesho nilitaka nijaribu kufulia."

"Mafuta yako wapi?"

"Kidogo nimetia kwenye koroboi. Mengine nimempelekea baba mdogo."

"Baba mdogo ana taa yake na mafuta yake. Umempelekea ya nini?"

"Alainike. Kuhusu paa."

Niliketi. Hasira niliyokuja nayo njia nzima ilikosa mtu wa kumwendea. Koroboi tulipoikamua haikutoa mafuta ya kufunika hata kipande kimoja. Nikavuka uwanja.

Baba mdogo alikuwa akisikiliza redio. Taa yake ilikuwa mezani, imejaa hadi shingoni.

"Baba, naomba yale mafuta. Mkebe yalikotoka unaweza kulipuka bila hayo."

"Unanipokonya zawadi?"

"Ni hatari, baba. Mtu amechomeka barabarani."

"Basi utoeni huo mkebe nje."

"Nje mvua inakuja."

"Basi uacheni ndani."

"Ndani panavuja. Unajua panavuja."

Alipunguza sauti ya redio. Nilidhani anafikiri. "Nyar owadwa," akasema, "mambo ya ile nyumba yana mwendo wake."

Matone ya kwanza yalikuwa yakigonga mabati yake. Nilirudi mbio. Kwetu maji yalikuwa yameanza kupita kwenye nyasi na kuchuruzika ukutani, upana wa kiganja kutoka kwenye rafu. Tulifunika mkebe, tukautia ndani ya sufuria, tukaifunika sufuria na kuizungushia nailoni. Ndugu yangu akashika karai juu yake, na mimi nikaibeba kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa, wadogo zetu wawili wakitufuata kwa umbali niliowaamuru.

Sikubisha hodi kwa baba mdogo. Niliuweka mkebe mezani kando ya redio, nikajipangusa mikono mpaka ikakauka kabisa, nikaifungua taa na kumimina mafuta yote hadi vipande vikazama. Kisha nikarudisha kifuniko.

"Unafanya nini ndani ya nyumba yangu?" baba mdogo aliniuliza.

"Mwalimu amesema uwekwe pakavu. Hapa ndipo pakavu."

Usiku ule alilala jikoni kwa mkewe. Asubuhi alituma watu, na kufikia siku iliyofuata wazee wote walikuwa wameketi barazani, pamoja na yule wa Migori asiyepatikana. Walizungumzia tabia yangu. Walianza na mama yangu, wakapitia shule niliyoiacha, wakafika kwenye ulimi wangu, na chai ikaisha kabla mtu hajataja paa. Mimi nilikaa chini nikisikiliza.

Walikuwa bado kwenye ulimi wangu mwalimu alipofika kwa baiskeli, na sanduku limefungwa nyuma. Aliingia, akautazama mkebe bila kuugusa, akatoka na kusema umewekwa vizuri.

"Uchukue, mwalimu," baba mdogo alimwambia. "Uchukue sasa hivi."

"Mwalimu," nikauliza, "ukiachwa hapo ulivyo, ndani ya mafuta, umefunikwa, utadhuru mtu?"

"Pakiwa pakavu hivi na asiufungue mtu, hapana."

"Basi nakuomba urudi wiki ijayo. Paa letu likishaezekwa."

Mwalimu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaanza kufungua kamba za sanduku, kisha akazifunga tena. Baba mdogo aliutazama mkebe kupitia mlangoni. Halafu akawageukia wazee na kuwauliza ni nani kati yao mwenye mbuzi karibu.