Watoto Ishirini na Wanane Makumbushoni

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu ambaye hajasomea ualimu, katika shule ya msingi upande wa Giakanja. Nilikuwa mwoga wa kila kitu isipokuwa hesabu. Nilihesabu chaki kabla ya somo na baada ya somo. Nilihesabu madirisha yaliyovunjika, na nilipokuwa na wasiwasi kanisani nilihesabu kofia za akina mama. Walimu wenzangu walinicheka, nami nikawaona wazembe.

Muhula wa pili, mwalimu mkuu alipokea barua kutoka mjini Nyeri. Mwanamke mmoja Mjapani, aliyekuwa akijitolea kufundisha hesabu katika shule ya upili karibu na Kiganjo, alikuwa ameomba ukumbi wa kanisa kwa wiki tatu. Humo alitaka kufungua makumbusho ya filamu za katuni za kwao, na shule zote zilialikwa bila malipo. Mwalimu mkuu alisema darasa langu la tatu ndilo litakalokwenda, kwa kuwa mimi ni mwangalifu. Moyo wangu ulianguka siku hiyo hiyo na haukuinuka tena mpaka safari ikaisha.

Lazima nieleze miaka ile ilikuwaje. Kulikuwa na uvumi kila soko kwamba watu wanaoabudu shetani wanazunguka na magari wakichukua watoto. Hakuna aliyemjua mtoto aliyechukuliwa, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua. Wazazi walikuja shuleni mmoja mmoja kuniuliza maswali, na wa mwisho alikuwa mama mjane mwenye kishamba cha kahawa karibu na mto. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika kifungua mimba wake. Alisimama mlangoni pa darasa, akauchukua mkono wa binti yake, akauweka ndani ya wangu.

“Mwalimu, mimi niko na huyu mmoja tu,” akasema. “Nimekupatia na mkono yangu. Utanirudishia na mkono yako.”

Nikamwambia asiwe na shaka. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mzima.

Tulikwenda kwa lori la chama cha kahawa, lililofagiliwa likabaki na harufu yake. Nilipewa mtu mmoja wa kunisaidia: mpishi wa shule, bibi wa miaka kama sitini ambaye sote tulimwita Cucu, yaani nyanya. Kusema kweli nilikasirika, kwa maana nilitaka mwalimu mwenzangu nikapewa mtu wa sufuria.

Watoto walipopanga foleni kando ya lori nilianza kuwahesabu kwa kidole. Cucu akaushika mkono wangu akaushusha taratibu.

“Watoto hawahesabiwangi, mwalimu,” akasema. “Si magunia. Ukiwahesabu unawaitia mabaya.”

Nilijua imani hiyo. Hata kwetu nyumbani baba hakutaja idadi ya mbuzi wake. Lakini nilikuwa nimefika kidato cha nne. Nilimwambia, bila heshima niliyopaswa kumpa, kwamba ukienda na watoto bila kuwahesabu ndipo mabaya yanapokuja. Nikahesabu, wakawa ishirini na wanane, nikaandika kwenye karatasi. Yeye akapita mbele yao akiwatazama usoni akinong'ona. Baadaye nilijua alichokuwa akinong'ona. Kila mtoto alileta bakuli lake la githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, shuleni, na Cucu aliwajua kwa mabakuli hayo: huyu ni wa bakuli la njano, huyu wa bati lenye kutu, yule wa kifuniko cha birika. Binti wa mjane ndiye aliyekuwa wa bakuli la njano, lililomeguka ukingoni.

Mlangoni pa ukumbi palikuwa na jambo ambalo sikulitarajia, na jambo nisilolitarajia hunimaliza nguvu. Tulitakiwa kuvua viatu. Wengi wa watoto wangu hawakuwa na viatu siku za kawaida. Vile walivyovaa viliazimwa kwa binamu na majirani kwa ajili ya heshima ya safari, na sasa vikaachwa barazani pamoja na vya shule nyingine kutoka Chaka iliyotutangulia. Sweta zao zilikuwa za samawati kama zetu. Niliziona sweta zile nikatokwa na jasho.

Ndani palikuwa pazuri. Nasema hivyo kwa kuwa watoto walisimulia mwaka mzima, si kwa kuwa mimi niliona. Mjapani yule, mwembamba, mwenye Kiswahili sanifu kilichotufanya sote tuone haya, alitueleza kwamba baba yake maisha yake yote alifanya kazi ya kupaka rangi picha za filamu. Alituonyesha karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zenye msichana mwenye macho makubwa kama ya ndama. Akageuza moja, tukaona rangi imepakwa upande wa nyuma, imevimba na kuparuzika kama plasta ya ukuta. Mtoto mmoja akauliza kama msichana yule ni mgonjwa wa macho. Mwingine, ambaye kwao wana televisheni ya nyeusi na nyeupe inayotumia betri ya gari, alitazama kwa muda mrefu kisha akatangaza kwa huzuni kwamba kumbe nywele za watu wa katuni ni za kijani na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha akaweka rundo la karatasi juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Akazipitisha moja moja, msichana akainua mguu, akaushusha, akakimbia. Akaondoa karatasi moja katikati, akarudia, na msichana akaonekana kuruka, kama mtu aliyesukumwa.

“Kila picha inatofautiana kidogo tu na mwenzake,” akasema. “Lakini hakuna inayoweza kusimama mahali pa nyingine.”

Watoto wakasema “ooo”. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyao visiguse chochote, na nilikuwa kwenye kumi na tisa, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilipita makumbusho yale yote nikiona visogo. Nilihesabu tulipoingia chumba chenye giza ambamo filamu fupi ilionyeshwa kwenye shuka, nikahesabu tulipotoka. Walikuwa wote.

Tulipokuwa tunatoka mvua ya Julai ikamwagika, ile ya baridi inayokata masikio. Watoto wa shule zote mbili wakakimbilia viatu kwa pamoja, wakigombania na kucheka. Dereva alipiga honi. Nilisimama nyuma ya lori nikiwapandisha mmoja mmoja, maji yakiniingia shingoni, na nilipomaliza nilikuwa na ishirini na wanane. Nilihisi faraja ambayo sijaihisi tena. Cucu, aliyepanda mwisho, akaniomba tusubiri awatazame kwanza. Nikamjibu kwamba nimeshawahesabu, na kwamba wakipata nimonia nitawaambia nini wazazi wao? Nikapanda mbele na dereva.

Tulikuwa tunakaribia daraja Cucu alipoanza kugonga paa la lori kwa ngumi.

Dereva alisimama. Nilishuka, nikazunguka nyuma, nikamkuta Cucu amemshika bega msichana mmoja mdogo aliyekuwa akilia bila sauti. Sikumjua. Hakuwa wetu. Alikuwa wa Chaka. Alifuata sweta alizoziona kwenye mvua, na alipogundua kwamba amezungukwa na wageni aliogopa kusema.

“Huyu sijawahi kumpakulia,” Cucu akasema. “Na wa bakuli ya njano hayuko.”

Niliogopa hata nikaona aibu ya kuogopa, kwa maana sikumwogopea mtoto kwanza. Nilimwogopa mama yake. Niliuona ule mkono mlangoni pa darasa. Dereva aligeuza lori kwenye matope, likateleza, mimi nikisema maneno ambayo hayakuwa sala wala matusi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tangu walipokuwa darasa la pili nilikuwa nawaandikisha watoto methali hiyo kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu wa Chaka, mwanamume mzima, alikuwa barazani. Alipomwona msichana wake alikaa chini kwenye maji. Mimi nilimpita nikaingia ndani na viatu vyangu vya matope, nikiita. Hakuna aliyeitika. Niliangalia chini ya meza ya kioo, nikaangalia chooni, nikatoka hadi barabarani ambako kila gari lililopita nililitilia shaka. Nilirudi nikiwa nalia waziwazi.

Mjapani ndiye aliyeinua shuka katika chumba chenye giza. Binti alikuwa amejikunyata nyuma yake, soksi zimelowa. Alipotoka barazani hakuviona viatu vyake. Vilikuwa vya binamu yake, naye aliapa kuvirudisha, kwa hiyo akarudi ndani kujificha badala ya kwenda nyumbani bila viatu. Cucu alipotazama miguu ya yule msichana wa Chaka akaviona. Vilivuliwa, akavalishwa mwenyewe. Cucu akamfunga kamba, akamshika mkono, na hakuuachilia hadi Giakanja, hata lori liliporuka kwenye mashimo.

Njiani, safari hii nikiwa nyuma pamoja nao, nilipanga maneno. Mtoto alikuwa mzima, amekauka, amelala mapajani mwa Cucu. Nilijiambia kwamba hakuna haja ya kumtia mama yule hofu ambayo imeshapita.

Alikuwa akingoja langoni, kanga kichwani. Nikashuka haraka ili nimpokee binti mimi mwenyewe, lakini Cucu alishuka naye upande wa pili, na ni Cucu aliyeuweka mkono ule katika mkono wa mama yake. Nikasema, kwa sauti yangu ya mtu mzima, kwamba safari ilikuwa njema.

“Lori ilienda bila mimi,” binti akamwambia mama yake. Hakuwa akilalamika. “Mwalimu alihesabu, wakatosha.”

Mama alinitazama. Alimvuta mtoto karibu na sketi yake, akakishika kichwa chake kwa mikono yote miwili.

“Ati walitosha,” akasema.

Aliondoka naye kuelekea mtoni bila kuniaga. Karatasi yangu ilikuwa bado mkononi, imelowa, wino umesambaa. Nilisoma ishirini na nane, na hesabu ilikuwa sahihi.