Simu Isiyojua Kuamkia

Juma lililopita nilikuwa studio ya picha hapa Same, nimefuata picha zangu za pasipoti. Nilimkuta mama mmoja wa rika langu, ameshuka kutoka milimani kutafuta mpiga picha wa kipaimara cha mjukuu wake Jumapili. Mpiga picha mjini ni huyo wa studio tu, na siku hizi humpati mpaka upitie kwenye programu ya simu.

Kijana aliyebuni programu hiyo alimwamkia vizuri, akampa simu ajaribu. Kioo kikaandika, "Mambo vipi?" Chini yake palikuwa na kitufe kimoja: "Poa."

Mama akairudisha simu kama aliyepewa chura. "Nani huyu ananiambia mambo?"

"Ni programu, mama. Tumeibuni iwe kama rafiki. Bonyeza poa uendelee."

"Rafiki zangu wana mvi. Sibonyezi."

Kijana akainamia kompyuta kurekebisha. Kwenye benchi, binti mmoja alikuwa anabonyeza simu yake kimyakimya.

Hatimaye simu ikaandika "Shikamoo", na kitufe kikawa "Marahaba". Mama akakaza khanga, akabonyeza. Likaja jibu: Jumapili imeshachukuliwa.

"Na nani?"

Kijana akaonyesha benchi kwa kidevu. "Huyo dada alibonyeza poa."

Husemwa adabu haina gharama. Aliyesema hajawahi kutafuta mpiga picha Same.

Binti akaona haya, akainuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

Mama akamtazama kuanzia viatu.

"Poa," akasema.