Jiwe nililomrushia nyani leo

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na mbwa tisa wa shamba, na leo nyani amenidharau.

Binti yangu Mwajuma alishasema, siku nikishindwa kufukuza nyani kwenye mahindi, nahamia kwake Kihonda. Nikakubali upesi, maana mkono huu hapa Mkuyuni haujapata mpinzani.

Leo mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa Mwajuma, kaja na daftari la Kiingereza. Kumbe Wazungu kila namna ya kurusha wana neno lake.

"Babu, toss ni kurusha kidogo tu."

Nikamrushia chungwa, akadaka.

"Lob ni kurusha juu sana, ndipo kishuke."

Nikapitisha jingine juu ya paa la jiko. Hapo bado mimi ni mimi.

"Hurl ni kuvurumisha kwa nguvu zote."

Na nyani alikuwa keshaingia shambani. Nikamwambia, bibie, andika hii.

Nikaokota jiwe, nikavurumisha.

Likaanguka hatua nne mbele yangu. Bega likalia kama mlango mbovu. Nyani akaliangalia jiwe, akaniangalia mimi, akaendelea kumenya hindi.

Zuhura akafunga daftari. "Babu, hii tusimwambie mama."

Nimechoka, jamani. Lakini sijafikia kufichiwa aibu na mtoto. Mwajuma, nilikubali mwenyewe, njoo unichukue Jumamosi.

Asiyeamini amuulize Zuhura, au jirani yangu Mzee Shabani aliyekuwa anapalilia shamba la pili. Yeye ndiye aliyemfukuza yule nyani, tena kwa kupiga makofi tu.