Baba Alipokuwa Ulimi wa Kocha

Mwezi uliopita nilikuwa Malindi, nimekaa mkahawani karibu na soko, mzee mmoja wa Kitaliano akaanza kumgombeza mhudumu kwa ajili ya kahawa. Kijana alimsikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mpishi: "Mzee asema kahawa ni nzuri, ila aomba uipashe moto kidogo." Watu walicheka. Mimi sikuweza, ndugu yangu. Nilimkumbuka baba, na Riyadh, na kocha.

Miaka ile ya utoto wangu watu wa kwetu walikuwa wakimiminika Saudia. Baba alikuwa amejifunza Kitaliano kwa kupokea wageni wa hoteli Malindi, na Kiarabu akakiokota hukohuko Riyadh, kwenye klabu ndogo ya mpira iliyomwajiri. Ikama yake, yaani kibali cha kuishi kule, ilisema karani, ndiyo maana mama nami tukaruhusiwa kumfuata, lakini kazi yenyewe ilikuwa udereva. Tulipanga mtaa wa Malaz, juu ya duka la mikate. Harufu ya mkate ndiyo iliyoniamsha kila alfajiri, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kushuka ngazi kununua mkate wa moto na bakuli la maharagwe ya kupondwa.

Kisha klabu ikaleta kocha kutoka Italia. Hakuwa kocha wa kuonekana kwenye televisheni. Maisha yake yote alifundisha timu za madaraja ya chini, katika miji ambayo hata Wataliano wa Malindi hawakuijua. Uwanja mmoja ulipakana na kiwanda cha saruji, na wachezaji walitoka mazoezini kama waliovingirishwa kwenye unga. Mwenyekiti mmoja, muuza nyama, alimfukuza kazi katikati ya harusi ya bintiye, sahani ikiwa mkononi. Alikuwa na hadithi ya kila kufukuzwa, na alimsimulia baba garini bila uchungu. Lakini Riyadh ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Alisema wazi kwamba kwa umri wake hakuna tena atakayempigia simu.

Hakujua Kiarabu, basi baba akawa ulimi wake, na ulimi wa baba ulikuwa wa kipwani. Kocha akifoka kwamba beki amelala uwanjani, baba alimwambia beki kwamba kocha amemwona amechoka, ajikaze kidogo. Ijumaa moja mama alimpikia kocha tambi za sukari na nazi. Kocha aliduwaa, akanong'ona jambo, na baba akatuambia kwamba mgeni hajapata kula tambi kama zile. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kuwa alisema ile ni dhambi. Alizimaliza, hata hivyo, na Ijumaa iliyofuata akarudi. Mama alikuwa akimwonya baba kwamba msema kweli mpenzi wa Mungu, naye alijibu daima kuwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Na kweli, wachezaji walimpenda kocha yule kuliko wote waliomtangulia.

Timu ilipoanza kufungwa, tajiri wa klabu aliwaita kocha na baba ofisini. Alisema kocha akishindwa mechi ya Jeddah, halas, kazi imekwisha. Baba alimtazama yule mtu aliyekula chakula chetu. Akamfasiria kwamba tajiri anamtakia subira na bado ana imani naye.

Tuliandamana hadi Jeddah. Wanawake hawakuruhusiwa uwanjani, kwa hiyo mama nami tulifikia kwa binamuye, mtaa wa Al-Hindawiyah, tukashinda tukikunja sambusa katika joto lisilotikisika. Baba aliporudi hakugusa chakula. Kocha, akidhani bado ana wakati, aliwapumzisha wachezaji wakongwe akawapanga vijana aliokuwa akiwalea kwa msimu ujao. Walifungwa mabao matatu.

Tuliporudi Riyadh, karani mmoja aliyejua Kiingereza, lugha ambayo kocha aliielewa kidogo, alimkabidhi tiketi ya ndege, akamwambia asishangae, maana alionywa mapema. Kocha alikuja kwetu moja kwa moja. Nilimpelekea chai, hakuinywa. Alizungumza taratibu, bila kufoka, na alipomaliza mama akauliza amesema nini. Baba aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza alifasiri neno kwa neno.

"Asema, 'Nimefukuzwa mara nyingi, na kila mara nilijua. Ile ilikuwa mechi yangu ya mwisho maishani, na kati yetu wawili uliyejua ni wewe tu.'"

Baba alimpeleka uwanja wa ndege. Aliporudi aliomba abaki dereva tu, na makocha wengine walipokuja hakuwafasiria hata salamu. Nyumbani nako alibadilika. Nilipoanguka mtihani aliniambia nimeanguka. Chakula kikizidi chumvi, mama aliambiwa kimezidi chumvi.

Klabu ile ilikwisha kuvunjwa, na vyumbani mwetu Malaz wamo watu wengine. Baba yu hai, na watu humsifu kwa ukweli wake. Nami namheshimu, ila nina huzuni nisiyoweza kumwambia. Siku ilipopigwa simu kutoka Malindi kwamba nyanya amefariki, ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka shuleni, mkoba ungali mgongoni. Baba alisimama mlangoni akasema, "Nyanyako amekufa." Baba niliyekuwa naye kabla ya Jeddah angeniuliza kwanza kama nimekula.